Walisikia Watu Kumi na Wawili

Tangu asubuhi ya Jumamosi ile Msimulizi hakuwa na raha. Alivaa gauni la bluu akalivua, akavaa la kijani akalivua, akarudi kwenye la bluu, na hangaiko lote hilo lilikuwa kwa ajili ya mwanamume ambaye asingeliona la bluu wala la kijani. Lakini mapenzi ndivyo yalivyo. Akili inakwenda likizo, na mikono inabaki kuhangaika peke yake mbele ya kabati.

Jina la Msimulizi alipewa na wasioona aliokuwa akiwasimulia michezo kwenye hedifoni, likamganda hadi wahadhiri nao wakalizoea. Alikuwa mwaka wa mwisho katika Idara ya Sanaa na Lugha ya chuo, idara ambayo ilikuwa na desturi yake. Kila mwaka wanafunzi walitoka kwenda mitaa ya jirani, wakakaa na watu vibarazani na viwandani, wakasikiliza maisha yao, kisha wakatunga mchezo wa kuigiza na kuuigiza pamoja nao. Dereva wa teksi aliigiza, mwoka mikate aliigiza. Mwaka huu hata mama muuza vitunguu wa langoni alipewa nafasi ya hakimu, na akaishika kwa ukali kiasi kwamba wanafunzi wengine walianza kumwogopa hata alipokuwa anapima vitunguu.

Na ili asiachwe mtu nje, wasioona waligawiwa hedifoni. Nyuma ya ukumbi palikuwa na kibanda kidogo cha kioo, ndani yake maiki, na nyuma ya maiki alikaa Msimulizi, akiwaeleza kwa sauti ya chini yale ambayo wenzao wanayaona kwa macho: nani ameingia, ameshika nini, nani amempa nani kisogo. Waliomsikiliza walikuwa watu kumi na wawili. Wa kwanza wao alikuwa Fundi.

Fundi alikuwa fundi wa makochi, mwenye karakana mitaa miwili kutoka chuoni. Macho yake yalizimwa na ugonjwa akiwa na miaka mitatu. Chuo hakikumwita aje kuonewa huruma. Kilimwita afundishe, maana profesa wa idara alikuwa na msimamo wake: anayejua kama usimulizi unafaa ni yule anayeutegemea. Siku ya kwanza ya mazoezi Msimulizi alifungua kinywa kwa madaha akasema, "Anaingia mwanamke mwenye huzuni kubwa." Fundi akanyoosha mkono.

"Huzuni umeijuaje?"

"Naiona usoni mwake."

"Basi nipe uso. Huzuni nitaitafuta mwenyewe."

Darasa zima likaangua kicheko. Msimulizi alinuna siku mbili. Siku ya tatu akaenda karakana kumwonyesha kwamba ameelewa. Siku ya nne akaenda kuuliza swali ambalo jibu lake alikuwa nalo. Siku ya tano hakuwa na kisingizio chochote, na alikwenda vilevile.

Hiyo ilikuwa miezi minane iliyopita. Ndani ya karakana, katikati ya sponji na vitambaa, walikuwa watu wawili wanaopendana wasio na shaka. Nje, mambo yalikuwa mengine. Walitembea wameshikana mikono mpaka pale Msimulizi alipomwona mtu anayemfahamu mama yake. Hapo mkono ulichomoka wenyewe. Fundi hakusema kitu mara ya kwanza, wala ya pili. Wiki moja kabla ya onyesho, akiwa anavuta kitambaa juu ya mgongo wa kochi, misumari midogo ikiwa imebanwa kwenye midomo, ndipo aliposema.

"Mama yako anakuja Jumamosi?"

"Anakuja. Na wakunga wenzake watatu."

"Vizuri. Utanitambulisha."

"Fundi, mama ni mgumu. Nipe muda kidogo."

Fundi alitoa misumari mdomoni akaiweka kwenye kopo, mmoja mmoja. "Miezi minane ni muda, mpenzi. Juzi pale kwenye duka la dawa uliniachia mkono. Ulidhani sikujua?"



"Nilikuwa..."

"Ulikuwa unaogopa. Najua. Ukiwa kibandani unasema kila kitu kwa jina lake. Ukitoka nje unaanza kunong'ona." Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na hilo ndilo lililomtisha Msimulizi. "Jumamosi niite mbele ya mama yako vile unavyoniita hapa. Ukishindwa, sitakugombeza. Nitajua tu kwamba nafasi yangu si kando yako."

Basi ndiyo maana lile gauni la bluu lilivaliwa mara mbili.

Onyesho lilianza vizuri. Ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama kutani. Msimulizi alisimulia bila kujikwaa, na mara mbili alimwona Fundi, mstari wa tatu, shati jeupe, akicheka sekunde moja kabla ya ukumbi mzima. Moyo ulimjaa. Akajiambia kwamba mapumziko yakifika atashuka, atamshika mkono, atampeleka hadi kwa mama. Alikuwa ameyapanga maneno yote.

Mapumziko yalipofika akasema kwenye maiki, kama ilivyokuwa kanuni, "Tunapumzika dakika ishirini." Kanuni ilimtaka baada ya hapo abonyeze kitufe, taa nyekundu izimike. Mwaka mzima hakuwahi kusahau. Lakini kidole kikiwa njiani mlango ulifunguliwa kwa kishindo, akaingia mama yake. Mama huyu alikuwa mkunga mkuu. Wodi nzima ilimtii, na kubisha hodi hakukuwa katika mazoea yake.

"Mwanangu!" Alimkumbatia hadi kiti kikalia. "Wenzangu wanaona wivu! Nimewaambia, huyo anayewasomea wale watu ni wangu, nimemzaa mwenyewe!"

"Asante, mama."

"Sasa niambie." Mama alivuta kiti cha pili akakaa, akaweka mkoba mapajani. "Yule mwanamume wa shati jeupe, mwenye fimbo. Ni nani?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kumtambulisha. Maneno aliyoyapanga yalikuwa yote kichwani, yamejipanga foleni. Lakini macho ya mama yalimkazia, macho yale yale yaliyokuwa yakimuuliza utotoni nani kavunja kikombe.

"Ni mtu wa mradi."

"Wa mradi tu? Mwenzangu mmoja amewaona mara mbili mmeshikana mikono."

"Mama, watu nao! Ni mshiriki. Chuo kinataka tushirikiane na jamii, tunawashirikisha wasioona. Ninamsaidia tu."

Mama alishusha pumzi ndefu, na uso wake ukalegea.

"Afadhali. Usinione nina roho mbaya, mwanangu. Unajua baba yako nilimuuguza miaka saba. Nimemlisha kwa kijiko, nimemwogesha, nimemgeuza kitandani. Sijuti, nilimpenda. Lakini kila siku nilimwomba Mungu wewe usije ukambeba mtu. Mtu kama yule barabara atavuka na nani? Chooni atapelekwa na nani? Utakuwa mke wake au nesi wake?"

"Mama, nimeshakwambia. Hakuna kitu."

Alisema hivyo akageuza uso kuelekea ukumbini, ili mama asimwone machozi. Na ndipo alipoona jambo la ajabu. Ukumbi ulikuwa karibu mtupu, watu wameenda kunywa chai, lakini watu kumi na wawili wa hedifoni hawakuwa wamesogea. Kwa kawaida hao ndio waliokuwa wapiga soga wakubwa wakati wa mapumziko. Sasa walikuwa wamekaa wima, kimya, kama watahiniwa. Bibi mmoja mwenye shali, jirani wa Fundi, alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Na kijana wa mitambo alikuwa anapanda ngazi mbiombio huku akipunga mikono yote miwili.

Msimulizi akatazama chini. Taa nyekundu ilikuwa inawaka.

Alibonyeza kitufe kwa nguvu zote, kana kwamba nguvu zingerudisha maneno nyuma. Kule chini Fundi alivua hedifoni, akazungusha waya wake taratibu, akaziweka kwenye kiti kitupu pembeni. Hakuondoka. Alikunja mikono kifuani akatulia.

"Nini? Mbona umekuwa kama umeona jini?" mama aliuliza.

"Wamesikia, mama."

"Nani?"

"Wote wale. Na yeye."

Mama aliitazama maiki kama mtu anayemtazama nyoka. "Hata lile la choo?"

"Hata lile la choo."

Kengele ikalia. Msimulizi alitamani kushuka zile ngazi akimbie hadi mstari wa tatu, lakini watu kumi na mmoja walikuwa wanamngoja, na wao hawakumkosea chochote. Mama alitoka kimyakimya, safari hii akaufunga mlango polepole. Binti akafuta macho, akavuta maiki.

 Alisimulia kesi, alisimulia hakimu wa vitunguu akipanda kwenye kiti chake na joho linaloburuta. Palifika mahali ambapo hakimu, bila kusema neno, alitoa miwani, akaipangusa, akaivaa juu chini, akamtazama mshitakiwa. Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Watu kumi na mmoja walicheka pamoja nao. Fundi peke yake aligeuza kichwa kulia, akageuza kushoto, akitafuta watu wanachekea nini.

Hapo Msimulizi aliumia kuliko alivyoumia dakika yoyote ya siku ile. Mwaka mzima chuo kizima kilihangaika ili asiwepo mtu ukumbini anayesikia wenzake wakicheka asijue kwa nini. Sasa yuko mmoja, na aliyemweka pale ni yeye.

Mchezo ulipokwisha, waigizaji walikaa ukingoni mwa jukwaa, na profesa akasimama katikati yao, kama ilivyokuwa desturi, ili watazamaji waseme walichokiona. Yule profesa alikuwa mama mnene, mchangamfu, asiyejua lolote lililotokea. Akasikiliza sifa, akasikiliza malalamiko kuhusu viti, kisha akauliza, "Na wenzetu wa hedifoni je? Zilifanya kazi vizuri?"

"Zimefanya kazi kupita kiasi," alijibu Bibi wa shali. "Sauti safi kabisa. Hasa wakati wa mapumziko."

Wenzake wakacheka kidogo, kisha wakajutia kucheka.

"Mapumziko kulikuwa na nini?" profesa akauliza.

 Msimulizi alikuwa ameshashuka kutoka kibandani, amesimama kwenye njia katikati ya viti. Angeweza kunyamaza. Profesa angehamia swali lingine, watu wangekwenda zao, na Fundi angechukua fimbo yake akaenda zake pia, moja kwa moja.  Akapiga moyo konde.

"Profesa, naomba nijibu mimi. Nilisahau kuzima maiki. Mama aliniuliza kuhusu mtu mmoja, nikamjibu kwamba ni mtu wa mradi, na kwamba ninamsaidia. Watu kumi na wawili wamenisikia, kwa hiyo si haki nikamwambie ukweli pembeni kwa siri." Alivuta pumzi. "Simsaidii. Kazi niliyoifanya leo amenifundisha yeye. Ninampenda. Ninampenda miezi minane sasa, na mara mbili nimemwachia mkono barabarani kwa sababu ya woga wangu. Mama, nisamehe, wewe nimekudanganya. Fundi, wewe nimekukana. Sijui kama hilo linasameheka."

 Wakunga watatu walimgeukia mama yao wa wodi. Mama muuza vitunguu, bado na joho lake la uhakimu, akashindwa kujizuia.

"Mahakama inasubiri upande wa pili," alisema.

Watu wakacheka, na kicheko kile kilimwokoa kila mtu. Fundi peke yake hakucheka. Alisimama, akakunjua fimbo yake, akatoka ukumbini kwa mlango wa pembeni bila kusema neno. Hakuwa mtu wa kuongea mbele za watu, tangu zamani.

Msimulizi alimkuta kwenye korido ya nje, karibu na ubao wa matangazo, ameegemea dirisha. Alisimama hatua mbili kutoka kwake. Hakuthubutu kumgusa.

"Ni mimi," alisema.

"Najua."

"Sina la kujitetea."

"Imeniuma," Fundi alisema. "Ya mama yako nimeyazoea. Ile ni hofu, naisikia tangu utoto, kwa shangazi zangu, kwa walimu, kwa wateja. Lakini wewe kusema unanisaidia..." Akageuzia uso dirishani. "Mimi nilidhani unakuja kwangu kwa sababu unataka kuja."

"Nilikuja kwa sababu nilishindwa kutokuja. Mpaka leo nashindwa."

 Fundi hakuondoka.

Nyayo zikasikika zikija, zikasimama. Mama alikuwa amekumbatia mkoba kifuani, na pengine ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kusimama mahali asijue aanzie wapi.

"Shikamoo, mama," Fundi alisema.

"Marahaba." Mama akashtuka. "Umejuaje kama ni mimi?"

"Wenzako wanakuita kule, na nyayo hizi zimekuja huku bila kuwaitikia."

Kweli, walikuwa wanamwita. Mama akatabasamu bila kutaka, kisha uso ukamshuka.

"Ulisikia yote, mwanangu?"

"Yote."

"Sikujua kama unasikia."

"Ndiyo maana nimeyaamini. Watu wakijua nipo wananiambia maneno matamu tu." Fundi alisogea kutoka dirishani akasimama wima mbele yake. "Uliuliza barabara navuka na nani. Toka nyumbani hadi karakana kuna barabara tatu, navuka mwenyewe asubuhi na jioni. Chooni pia naenda mwenyewe."

"Yarabi," mama akafunika uso.

"Hilo lisikusumbue, nimesikia mabaya zaidi. Lakini kuna jambo moja hukukosea, mama. Iko siku nitaumwa. Au ataumwa yeye. Na siku hiyo mmoja wetu atambeba mwenzake. Hilo siwezi kukuahidi kwamba halitakuwa."

 Mama alikuja amejiandaa kuombwa msamaha, au kuahidiwa mbingu na nchi, na hakupewa hata kimoja kati ya hivyo.

"Baba yake alikuwa na macho yake mawili mazima," alisema hatimaye. "Alikuwa anabeba magunia ya saruji kama mito ya kulalia. Nani angejua?"

"Hakuna ambaye angejua, mama."

"Na kama akiumwa yeye? Huyu binti yangu?"

"Basi zamu itakuwa yangu."

Kwa mkunga, zamu si neno la kuchezea. Mtu akishaishika zamu haondoki mpaka mwingine aje, na kama haji mtu, haondoki. Mama alimtazama kijana yule usoni, akatafuta kama kuna mzaha, hakuuona. Machozi yakamtoka, akayaacha yatiririke bila kuyafuta.

"Sijasema ndiyo," alisema.

"Mimi nami sijaomba, mama. Kwanza huyu nina ugomvi naye."

"Ugomvi wetu utachukua muda gani?" Msimulizi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Sijui." Fundi alifikiri kidogo. "Tutembee kwanza. Tupite mlango wa mbele."

Mlango wa mbele ndiko walikokuwa watu wote: wanafunzi, wahadhiri, waoka mikate, wakunga watatu na nusu ya mtaa wa mama yake. Msimulizi aliweka mkono wake ndani ya mkono wa Fundi, akaubana hadi vidole vikamuuma. Wakapita katikati ya macho yale yote polepole, na Msimulizi akamsalimia kila anayemfahamu kwa sauti inayosikika. Alikuwa anatetemeka. Fundi aliusikia mtetemo ule wote mkononi mwake, akapunguza mwendo ili wasifike haraka.

Nyuma yao, yule mkunga aliyewahi kuwaona wameshikana mikono alimkimbilia mama akamvuta mkono.

"We, hebu niambie, yule ni nani haswa?"

Mama alifuta uso kwa kiganja, akaweka mkoba begani. Alipojibu, alijibu kwa sauti yake ya wodini, ile ambayo hata walio mwisho wa jengo huisikia.

"Fundi wa makochi. Anamchumbia binti yangu."

Mlangoni, Fundi alisimama ghafla. Watu walimgongagonga mabegani wakipita, naye hakusogea. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu mapumziko, alicheka.

"Mimi sijakuchumbia bado," alimnong'oneza Msimulizi sikioni.

"Basi fanya haraka," Msimulizi alijibu huku akilia. "Mama ameshatangaza."